Betri Chini ya Kitanda

Jumamosi. Mkoani hadi Kengeja

Ami hakuja kunipokea gatini. Alimtuma kijana wa bodaboda na salamu tatu: yeye mzima, chai ipo, na nisisahau kununua msasa laini njiani.

Kusi lilikuwa likivuma kisawasawa. Ni Julai, kipupwe chenyewe, na abiria nilioshuka nao melini walivaa majaketi na kofia za sufi kana kwamba tumetoka Ulaya. Simu yangu ilionesha nyuzi 23. Kwetu hiyo ni baridi ya kuombea shuka, na mimi sikuwa nyuma, jaketi nimelifunga mpaka kidevuni.

Kwa mtu asiyemjua Ami, safari hii haina kichwa wala miguu. Magoti yamemchoka, mkewe ameshatangulia mbele ya haki, na binti yake aliyeolewa Konde amemtengea chumba. Vyombo vilikwenda wiki iliyopita kwa lori. Aliyebaki ni yeye na Morris yake, na alikataa katakata kuipakia. "Gari haibebwi," aliniambia kwenye simu. "Gari inakwenda." Kengeja mpaka Konde, kusini mpaka kaskazini ya kisiwa cha Pemba, ni mwendo wa asubuhi moja kwa daladala ukibahatika kuunganisha. Yeye alipanga siku tano, na mimi nikaomba ruhusa kazini ya siku tano, nikasema nina msiba mdogo. Mungu anisamehe.

Morris yenyewe ni Minor, injini ya cc 948, na bado ina vile vijiti vya kuonesha kona vinavyochomoza ubavuni kama sikio la mbuzi. Kwa hivyo ni ya kati ya 1956 na 1961. Kabla yake injini ilikuwa ndogo zaidi, baada yake vijiti viliondolewa zikawekwa taa za kupepesa. Zamani ilikuwa ya kijani. Sasa ni kijani hapa na pale. Niliikuta bandani, katikati ya majamvi ya karafuu, pua imeelekezwa kwenye mteremko, kioo cha mbele kimefunikwa gunia. Ndani gia imeingizwa, na chini ya tairi la nyuma kuna kabari ya mbao ya mwembe.

Nikanyoosha mkono kwenye hendibreki.

"Usiiguse hiyo," Ami alisema kutoka mlangoni, kabla hata hatujasalimiana.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Usiiguse."

Nilifungua boneti. Mahali pa betri palikuwa patupu, waya mbili zimefungwa vitambaa vichwani kama vidole vilivyokatika. Nikauliza betri iko wapi.

"Imelala."

Ilikuwa imelala kweli. Chumbani kwake, chini ya kitanda, juu ya ubao, imeviringishwa kanga ya marehemu mkewe. Maandishi ya kanga yamefifia, limebaki neno moja tu linalosomeka, "wastara". Kila siku ya Mungu, Ami akizima gari jioni huichomoa betri, huibeba ndani, na asubuhi huirudisha. Mtoto mdogo nilikuwa nikimwona akifanya hivyo, nikajua ni kwa ajili ya wezi. Nilipokua nikaona ni ushamba. Siku hizi kwetu mjini tunaona ni uzee tu. Na tangi pia: hakuna siku tangi la Ami limeshuka chini ya nusu, hata ile miaka ambayo petroli Pemba ilikuwa ya kutafuta kama dawa.

Jumapili. Kengeja

Hatukuondoka.

Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito, mabati yanachuruzika, na nguo niliyoianika usiku ilikuwa imelowa kuliko nilivyoianika. Ami akaipandisha betri, akasoma Bismillahi, akageuza ufunguo. Kwanza unasikia pampu ya petroli, imekaa juu karibu na kioo, inagonga tik-tik-tik halafu inapunguza, tik... tik..., halafu kimya. Hapo ndipo kabureta imejaa. Halafu unavuta kifundo cha choki, unavuta kifundo cha stata. Injini ikaguna mara nne, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Mara ya pili ikaguna tu. Mara ya tatu tukasikia harufu ya petroli.

"Imezama," Ami alisema. "Basi, tusiisumbue betri."

Mimi kwenye gari yangu nabonyeza kitufe. Sikuwa na la kuchangia. Nilikaa juu ya kinu nikamtazama mzee wa karibu miaka 70 akizifungua plagi nne kwa spana aliyoikata na kuiunga mwenyewe. Zilitoka zimelowa, nyeusi, zinang'aa. Alizifuta, akazipiga msasa taratibu kwenye ncha, akazitia kwenye mfuko wa kanzu, akaelekea kwa jirani.

Bi Mkubwa wa nyumba ya pili alikuwa akipika chapati ukumbini, mkaa umekolea. Kuna kijiko kimoja cha samli pembeni na chapati sita zimefunikwa. Ami alisalimu, akaulizia hali za watoto, akaulizia mguu wake, akaulizia mbuzi. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kuziweka plagi nne kwenye kikaango.

Yule mama hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alimtazama Ami, akatazama plagi, akasema, "Miaka yote hii nilikuwa nikisema utahama lini."

"Dakika tano tu, dada yangu."

"Na kikaango unanunua wewe."

Zilikaa pale mpaka mate yakidondoshwa juu yake yanaruka. Hapo Ami alizizoa kwa kitambaa, akakimbia. Nasema akakimbia, yeye mwenye magoti mabovu, kanzu ameipandisha kwa mkono mmoja. Akazirudisha moja moja akizizungusha kwa vidole vilivyozoea moto, akanikabidhi hendeli.

Hendeli ni chuma kilichopinda mara mbili, unakiingiza kwenye tundu la chini ya pua ya gari mpaka kishike injini. Nilikishika kama mtu anavyoshika jembe. Ami akanipiga kofi la mkono.

"Dole gumba upande mmoja na wenzake. Usikizungushie. Na unavuta juu tu, husukumi chini. Ikirudi nyuma kwa ghafla itauachia mkono. Ukikumbatia, inauvunja."

Watu wengi wamevunjika mkono kwa njia hiyo, ndiyo maana stata ya umeme, iliyoingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912 kwa kazi ya Charles Kettering, ilipokewa kama neema. Nilivuta mara moja, zito. Mara ya pili. Ya tatu injini ikapiga, ikakata, ikapiga tena, halafu ikashika, na kuku wote wa Kengeja wakatawanyika.

"Plagi baridi, petroli haiwaki. Inakuwa tone badala ya mvuke," Ami alisema huku akirudisha choki kidogo kidogo. "Kule tulikuwa tunazitia kwenye jiko la kuokea mikate, pamoja na mikate."

Kule. Ami akisema "kule" anakusudia Rostock, Ujerumani.

Tulikuwa tumeshapakia nilipoona tairi mbili za nyuma zimelala. Mpira mmoja ulikuwa umeungwa kiraka juu ya kiraka. Mchana wote ukaishia kwa fundi wa baiskeli. Jioni betri ikarudi kitandani, na Bi Mkubwa akatuletea chapati nne zilizobaki. Zilikuwa na harufu ya petroli, kwa mbali. Nilikula mbili.

Jumatatu. Kengeja, Mtambile, Chake Chake

Tuliondoka saa moja na nusu. Nusu ya mtaa walisukuma, ingawa gari ilikuwa imeshawaka; walisukuma kwa kuaga.

Wasioijua Pemba hudhani ni tambarare kama Unguja. Pemba ni vilima, kimoja kikimaliza kingine kinaanza, mikarafuu juu na mpunga bondeni, na kwa gari ya nguvu kidogo kila kilima kina mazungumzo yake. Ami anashuka kilima gia imeingizwa, anapanda akiisemesha Kijerumani kwa sauti ya chini. Msimu wa karafuu ndio kwanza unaanza. Pembeni mwa barabara majamvi yameshatandazwa na harufu inaingia mpaka ndani ya soksi. Daladala za njia ya 603 zilitupita zote. Watoto walitupita kwa baiskeli.

Mtambile tulisimama kunywa chai, Ami akazima injini mahali tambarare kwa sababu palikuwa na kivuli. Kosa lake mwenyewe, na alilikiri. Kwa mwendo wetu ule dinamo ilikuwa haijarudisha chochote kwenye betri. Stata ikatoa kelele ya mtu anayesafisha koo, basi.

Kijana mmoja fundi, mwema, suruali imechakaa magotini, akaleta daladala ya rafiki yake na waya za kuazimana umeme. Alishafunga upande mmoja. Akachukua wa pili, mweusi, akauelekeza kwenye bodi kama anavyofanya kwa kila gari siku zote. Ami akamdaka kifundo cha mkono hewani.

"Hii kinyume, mwanangu. Chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi."

Kijana akacheka akidhani anataniwa. Ami akamwonesha: waya mnene unaotoka kwenye alama ya kujumlisha unaishia kwenye chuma cha gari. Waingereza wengi wa zamani walitengeneza hivyo. Kama waya ule ungegusa, tungekuwa na cheche, moshi, na labda betri mbili za kuzika. Yule kijana aliinama chini ya boneti dakika nzima bila kusema, akafuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake, halafu akainuka na kumwita rafiki yake: "Njoo uone!" Hakutaka hela. Alitaka kupigwa picha na gari.

Njiani Ami aliniambia habari ya bloku, kile chuma kikubwa cha injini chenye silinda ndani. Alikwenda Ujerumani Mashariki mwaka 1976, akiwa na miaka 20. Kwanza Leipzig kwa lugha, halafu Rostock kwa mitambo ya meli. Zanzibar na Ujerumani ile walijuana mapema, tangu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mimi mwenyewe nimekulia Kikwajuni, kwenye majumba waliyojenga hao hao. Majira yake ya kwanza ya baridi, Ami alipewa kazi ya kumwaga maji ya lori moja kuukuu kila jioni. Dawa ya kuchanganya na maji yasigande ilikuwa haba, wakiitunza kwa magari mengine. Lori lina bomba mbili za kumwagia: moja chini ya rejeta, nyingine ubavuni mwa injini. Yeye alifungua ya rejeta, akaona maji yanatoka, yamekwisha, akaenda kulala.

"Asubuhi nimefika, naona ufa. Unaingia ukucha. Bloku nzima, chuma cha kubebwa na watu wanne, imepasuka kama embe."

Maji yakiganda yanavimba. Lita 10 za maji zinakuwa karibu lita 11 za barafu, na hiyo moja ya ziada haina pa kwenda. Ami alijua barafu ya kununua kwa senti kwenye kijiti. Hakujua kuwa barafu inaweza kupasua chuma. Walimkata posho? Hawakumkata. Mzee mmoja wa pale karakana, fundi wake mkuu, alimpeleka mbele ya ile bloku, akauweka mkono wa Ami juu ya ufa, akauacha pale mpaka ukafa ganzi. Hakuongeza neno.

Chake tulifika alasiri. Tulilala Wawi kwa rafiki yake wa zamani. Kilima pale ni cha kutosha. Gari ikaelekezwa pua chini, kabari ikawekwa, betri ikaingia ndani. Mwenye nyumba hakushangaa, akaitengea nafasi kando ya televisheni.

Usiku, baada ya kahawa na vileja, niliuliza. Nilikuwa na miaka arobaini ya kuuliza swali hili na sikuwahi. Kwa nini betri?

Ami alikunjua mguu, akausugua goti.

Yule fundi wake mkuu alikuwa na Trabant. Kwa wenzetu wasioijua: ni gari ndogo, bodi yake si bati, imefinyangwa kwa mabaki ya pamba na utomvu wa kiwandani. Injini ina silinda mbili, inapoozwa kwa upepo, na oili inachanganywa kwenye petroli, vile vile wavuvi wetu wanavyochanganya kwa mashine za boti. Watu waliagiza na kusubiri zaidi ya miaka 10 ndipo wapewe. Kwa baridi ina ubora wake: haina maji ya kuganda, wala haina bakuli la oili chini, ile oili ambayo kwenye magari mengine ikipoa inakuwa nzito kama halua inayokaribia kuiva na kuushika mtaimbo wa injini usizunguke. Ila betri yake ilikuwa ya volti 6 tu. Na betri ni kiumbe cha joto. Ikipoa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na nusu tu ya nguvu zake, au pungufu ya hapo. Ikiwa haina chaji, yenyewe inaganda na kupasuka.

Tarehe 28 Desemba 1978 yule mzee alimchukua Ami kwenda kula mwaka mpya kijijini kwake, nje ya Rostock. Waliondoka mvua inanyesha, mvua kama ya masika, hakuna hata haja ya glovu. Katikati ya njia upepo ukageuka kutoka kaskazini mashariki. Mvua ile ile, ikiwa bado iko kwenye kioo, ikawa kioo cha pili. Waipa zikanasa. Mzee alishuka kuzigongoa, aliporudi mlango ukawa haufungi, barafu imeshaingia kwenye kitasa. Halafu theluji ikaja, lakini si ya kushuka kutoka juu, Ami alisema, ilikuwa inakwenda ubavuni kama mchanga wa pwani siku ya kusi, na barabara ikapotea.

"Akaniambia tunashuka, tunatembea, kuna taa ya shamba kule. Mimi nikachukua sanduku la zawadi. Kulikuwa na kahawa ndani, ya kwetu, nimeitunza tangu Unguja. Akaninyang'anya sanduku, akalirudisha ndani ya gari. Akafunga bomba la petroli, akafungua boneti, akachomoa betri, akaivua skafu yake mwenyewe shingoni akaiviringisha. Akanipa niibebe."

Walitembea, Ami hajui kiasi gani. Betri kifuani kama mtoto. Alimchukia mzee yule kila hatua. Shambani walikaa siku tano. Umeme ulikatika, maana makaa ya mawe yaliganda kwenye mabehewa ya treni mpaka hayatoki. Kisiwa cha Rügen kikatengana na bara kabisa. Jeshi likatoa vifaru kufungua njia. Betri ilikaa karibu na jiko, pamoja na viatu na paka.

Siku ya sita walilitafuta gari kwa kupima na fito kwenye theluji mpaka fito ikagonga paa. Wakachimba. Betri ikarudi mahali pake ikiwa na joto la kiganja. Mzee akafungua bomba la petroli, akavuta choki, akapiga stata. Mara ya tatu ikawaka. Kulikuwa na magari mengine saba kwenye mstari ule, makubwa na mazuri zaidi, na hakuna hata moja lililowaka siku ile. Gurudumu moja la Trabant halikuzunguka kwa sababu mzee, kwa haraka ya kushuka, alivuta hendibreki, na breki imegandia ndani. Walilipiga nyundo nusu saa.

"Na kahawa?" niliuliza.

"Ilikuwa nzuri. Baridi haiharibu kahawa."

Mwenye nyumba akasema ameisikia hadithi hii mara ishirini na magari yamekuwa yakiongezeka, mwanzo yalikuwa manne. Ami akasema yalikuwa saba. Tukalala.

Jumanne. Chake hadi Wete

Mvua ya rasharasha. Tulipita barabara ya zamani, miti imefungana juu. Sikupiga picha, mikono ilikuwa inafuta kioo kwa ndani, kazi ya abiria kwenye Morris. Hakukuharibika kitu. Ami alionekana kukasirika kidogo kwa hilo.

Wete, kwa shangazi, tulilishwa kama watu tunaokwenda vitani. Halua, kahawa ya tangawizi, tena halua. Shangazi alitazama betri ikiingia sebuleni kwake akasema, "Bado tu?" Ami akasema bado. Akaiwekea mkeka.

Goti lake lilivimba usiku.

Jumatano. Wete, Tumbe, Konde

Asubuhi hakuweza kukanyaga klachi. Alikaa upande wa abiria na kunitazama kama mwalimu wa skuli anayesimamia mtihani. "Choki. Sasa rudisha. Si hivyo. Nusu." Niliwasha kwa mteremko bila kugusa stata, na akanyamaza, nikaelewa nimefaulu.

Binti yake alikuwa ameagiza samaki, kwa hivyo tulipitiliza mpaka Tumbe. Kusi lilikuwa limetulia, jua limewaka kisawasawa, lile la baada ya mvua linalotoka na hasira. Mnadani palikuwa pamejaa; changu, tasi, kolekole, pweza wananing'inizwa kwenye vijiti, na masanduku ya wachuuzi yenye barafu ya kupondwa. Nilizima gari juani kwa robo saa, nikanunua changu sita, nikarudi.

Pampu ilikuwa ikigonga kama mwendawazimu. Tiktiktiktiktik, haipunguzi wala hainyamazi. Stata inazungusha vizuri, injini hata haikohoi.

Nilishuka, nikafungua boneti, nikasema tuzitoe plagi.

"Plagi hazina kosa," Ami alisema bila kushuka. "Sikiliza pampu. Inanyonya nini?"

Nikasikiliza.

"Upepo," nikasema.

"Mvuke. Umezima injini ikiwa ya moto, joto lote limepanda kwenye pampu, petroli imechemka ndani ya bomba. Pampu inavuta povu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kengeja. "Kule haiwaki kwa sababu petroli haitaki kuwa mvuke. Hapa haiwaki kwa sababu imekuwa mvuke kabla ya wakati. Nenda kanitafutie barafu."

Mchuuzi mmoja alinipa kwa bei ya rafiki, kwenye mfuko wa nailoni, akauliza samaki wako wapi. Nikamwambia ni ya gari. Alikuja nyuma yangu, na wenzake wakaja nyuma yake. Ami alishuka kwa kujiegemeza kwenye mlango. Akaivua kanga ya wastara kwenye betri ya kiti cha nyuma... hapana, betri ilikuwa mahali pake. Kanga ilikuwa kiti cha nyuma, imekunjwa. Akaimimina barafu ndani, akaikunja mara mbili, akaiviringisha pampu yote na bomba lake kama unavyomfunga mtu kichwa anapoumwa. Akaishika pale kwa mikono miwili. Maji yakachuruzika kwenye mikono ya kanzu. Watu walisimama kimya, kama mnada umehamia kwetu.

Dakika saba au nane. "Ufunguo," akasema.

Tiktiktiktik. Tiktik. Tik... tik.

Tik.

Kimya.

Nikavuta stata na ikawaka papo hapo, na mchuuzi wa barafu akapiga makofi peke yake.

Ami hakuitupa barafu iliyobaki. Alipanda, akanyoosha mguu, akaiweka kanga juu ya goti, akafumba macho. Konde si mbali kutoka Tumbe, na barabara ile ni nzuri. Tuliingia uani saa nane na nusu, wajukuu wanakimbia kando ya madigadi. Binti yake alimbusu mkono, akainuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Baba, mbona unanuka changu?"

Ami alinielekeza kwa kidole, akaomba spana ya betri.